Kapsuli tano kwa wiki

Siku mwanangu alipofika kilo 25, nesi wa kliniki alisoma mizani mara mbili, akanigeukia, akasema, "Mama, kuanzia leo ni moja kila siku." Sikumjibu. Siku hiyo nilikuwa nimeingoja miaka mitatu, na ilipofika nilikaza macho kwenye bango la chanjo ukutani ili nisilie mbele ya foleni.

Mpita njia angeona kilo tu. Kwetu ilikuwa hesabu. Dawa anayomeza mwanangu hutolewa kwa uzito wa mwili. Daktari wetu alimwanzishia miligramu 20 kwa kila kilo, kila siku. Kapsuli tunazopata hapa Kisumu ni za miligramu 500, na kapsuli huwezi kuikata kwa kisu kama kidonge cha Panadol. Alipoanza mwaka 2019 alikuwa na miaka 6 na kilo 18. Chukua 18 uzidishe kwa 20, ni 360 kwa siku. Zidisha kwa siku 7, ni 2,520. Kapsuli tano ni 2,500. Basi daktari akaandika kwenye kadi: kapsuli tano kwa wiki, Jumatano na Jumapili apumzike. Nikarudi nyumbani Manyatta, nikaishusha kalenda ya duka la simiti iliyokuwa nyuma ya mlango wa jikoni, nikazungushia Jumatano na Jumapili zote za mwaka kwa kalamu nyekundu. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, kalamu nyekundu haikosekani mkobani mwangu.

Sasa 25 mara 20 ni 500. Kapsuli moja, kila siku, bila kalenda.

Dawa yenyewe inaitwa haidroksiyurea. Iliingia hospitalini kwanza kama dawa ya saratani. Mwanangu hana saratani. Ana selimundu, ugonjwa wa damu ambao wengi wetu huku tunauita sikoseli. Nataka kueleza jinsi dawa ya ugonjwa wa watu wengine ilivyokuja kuwa yake, na njia ndefu iliyopita kabla ya kufika, kwa sababu urefu wa njia hiyo ndio unaoninyima usingizi hadi leo.

*

Kwetu ni uwanda wa Kano karibu na Kisumu, upande wa Ahero, na mundu tunaujua. Nimekua nikiona akina mama wameinama kwenye maji ya mpunga, mkono mmoja umeshika mashuke, mwingine unavuta ule upanga mdogo uliopinda. Kwa hiyo neno selimundu halikuhitaji kunifafanulia chochote. Nililiona tu.

Seli nyekundu ya kawaida ni ya mviringo, imebonyea katikati, laini, na hujikunja ikapita kwenye mshipa mwembamba kuliko yenyewe. Seli ya mwanangu huanza hivyo hivyo. Lakini ikishatoa oksijeni yake, hemoglobini iliyomo ndani hushikana chembe kwa chembe ikawa nyuzi ngumu, na nyuzi hizo huivuta seli mpaka ipinde kama mundu. Hapo haipiti tena. Hukwama kama matawi ya miba yaliyotupwa kwenye mfereji wa kumwagilia mpunga: huku maji yamejaa, kule shamba linakauka. Mahali palipokosa damu ndipo panapolia. Leo ni paja, kesho ni kifua, na kwa watoto wengine ni ubongo, mtoto akalala mzima na kuamka upande mmoja umepooza. Tena seli zenyewe hazidumu. Ya kawaida huishi takriban siku 120. Hizi huishi siku 10 hadi 20, ndiyo maana macho huwa ya manjano na damu haitoshi mwilini.

Yote haya yanatokana na badiliko moja kwenye jeni. Mwaka 1957 mwanasayansi Vernon Ingram, akiwa Cambridge nchini Uingereza, alionyesha kwamba hemoglobini ya selimundu inatofautiana na ya kawaida kwa kiungo kimoja tu katika mnyororo mrefu wa protini. Kila wiki nasahihisha insha za watoto wanaoandika "tamu" wakitaka kusema "damu". Ni kosa la kawaida huku kwetu. Zamani nilikuwa nazungushia ile herufi na kuendelea na kazi. Siku hizi huwa natulia kidogo kabla ya kufungua ukurasa unaofuata.

Kabla ya mwanangu kulikuwa na mdogo wangu wa kiume. Alizaliwa 1987. Sitaandika jina lake kwa sababu mama bado hapendi kulisikia likitajwa na mtu asiye wa nyumbani. Vidole vyake vilivimba akiwa mchanga, miguu ikavimba, macho yakawa ya manjano, na kila msimu wa mvua alilazwa. Nyanya yetu mzaa baba alisema ni chira, kwamba kuna mtu katika boma aliyevunja mwiko na deni limemwangukia mtoto. Tulinyweshwa manyasi sote, dawa ya mitishamba ya kuondoa chira. Simlaumu nyanya. Alikuwa akitafuta sababu kwa vyombo alivyokuwa navyo, na alikuwa amekwisha kuwazika watoto wake wawili waliokufa na macho ya rangi hiyo hiyo. Ukiufikiria vizuri, alikuwa ameona jambo la kweli: kwamba ugonjwa huu hutoka katika ukoo na huwaangukia wasio na kosa.

Mdogo wangu alifariki mwaka 1996, akiwa na miaka 9. Mama aliweka karatasi zake zote kwenye mkebe wa biskuti, akausukuma chini ya kitanda.

Mimi nilijifungua 2013. Mtoto alikuwa mnene, mchangamfu, hana shida. Alipofikisha miezi 8, asubuhi moja nilimkuta analia huku ameikunjua mikono yake, hataki kuguswa. Nilipoviona vile vidole nilikaa chini sakafuni. Maabara ilichukua siku tatu kunipa jibu nililokuwa nimekwisha kulijua. Mimi na baba watoto sote wawili ni wabebaji; tuna nakala moja ya jeni hiyo kila mmoja, na hatukuumwa hata siku moja. Wazazi kama sisi wana nafasi moja kati ya nne, kwa kila mimba, ya kupata mtoto mwenye nakala mbili.

*

Mbona miezi 8? Swali hili nilimuuliza daktari wa kwanza, na jibu lake ndilo mlango wa hadithi yote ya dawa.

Mtoto akiwa tumboni hatumii hemoglobini tunayotumia sisi. Ana ya kwake, ya tumboni, inayojua kuvuta oksijeni kutoka kwenye damu ya mama. Baada ya kuzaliwa, mwili huizima polepole na kuwasha ile ya watu wazima. Ile ya tumboni haina hitilafu ya selimundu. Mwaka 1948 daktari wa watoto aitwaye Janet Watson, huko Brooklyn, Marekani, aliandika kwamba watoto wachanga wenye selimundu hawaonyeshi dalili, na akahisi ni hemoglobini ya tumboni inayowakinga. Kwa hiyo miezi ile mwanangu aliyokuwa mnene na mchangamfu hakuwa mzima. Alikuwa anakula akiba.

Basi tangu 1948 swali lilikuwa limekaa mezani: je, akiba hiyo inaweza kufunguliwa tena?

Mwaka uliofuata, mwaka huo huo ambao wanasayansi wengine Marekani walikuwa wakichunguza hemoglobini hii, kijana mmoja wa Oxford alikuja kwetu kuchukua damu. Aliitwa Anthony Allison. Alizaliwa Afrika Kusini lakini alikulia Gilgil, hapo Nakuru. Alikuja 1949 na msafara wa chuo chake uliokuwa unaelekea Mlima Kenya, akakusanya damu za watu wa makabila mbalimbali ya Kenya. Alichokiona ni kwamba pwani, na huku kando ya Ziwa Victoria, zaidi ya mtu mmoja kati ya watano alibeba nakala moja ya jeni ya selimundu, ilhali nyanda za juu hawakufika mmoja kati ya mia. Akajiuliza: pwani na ziwani pana nini ambacho milimani hakipo? Mbu. Mwaka 1954 alichapisha ushahidi kwamba nakala moja humkinga mtu dhidi ya malaria. Mbu wa Kano walikuwa wakituchagua kwa karne nyingi: asiyekuwa na jeni aliuawa na malaria, mwenye nakala mbili aliuawa na damu yake mwenyewe, na mwenye moja, kama mimi, akabaki kuzaa.

Kila ninaposimama Dunga nikitazama ziwa, hufikiria mikono iliyonyooshwa mwaka ule, ikatobolewa. Damu iliyofundisha dunia jambo kubwa hivyo ilitoka kwa mababu zetu. Tulihesabiwa mapema sana.

*

Sasa dawa. Haidroksiyurea iliundwa Ujerumani mwaka 1869. Haikuundwa kumponya mtu yeyote. Ilikuwa kazi ya kemia. Karibu miaka mia moja baadaye ndipo madaktari walipoona kwamba inazuia seli kugawanyika, kwa kukifunga kimeng'enya ambacho seli hukihitaji kutengeneza DNA, na mwaka 1967 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaidhinisha itumike kwa saratani. Mwaka 1984 daktari Orah Platt na wenzake wakaonyesha kwamba wagonjwa wa selimundu waliopewa dawa hiyo walianza tena kutengeneza hemoglobini ya tumboni. Ile akiba. Uboho ukishtuliwa na dawa na kulazimika kuanza upya, hutoa seli zilizobeba hemoglobini ya utotoni.

Utafiti mkubwa ukafuata Marekani na Kanada, watu wazima 299, nusu wakipewa dawa na nusu kidonge kisicho na kitu. Ulisimamishwa kabla ya wakati kwa sababu tofauti ilikuwa wazi mno: waliomeza dawa walipata maumivu makali mara 2.5 kwa mwaka, wasiomeza mara 4.5. Matokeo yalichapishwa Mei 1995. Idhini rasmi kwa watu wazima ikatolewa Marekani 1998.

Mei 1995 mdogo wangu alikuwa na miaka 8, hai, analala chumba kimoja na mimi.

Najua utafiti ule ulikuwa wa watu wazima. Najua hakuna daktari wa wakati ule ambaye angekubali kumpa mtoto wa Kano dawa hiyo, na pengine angekuwa sahihi kukataa. Lakini kuna maarifa ambayo ukiyapata huwezi kuyarudisha yalikotoka, na kwangu hili ni moja. Dawa ilikuwepo kwenye rafu. Ilikuwepo kabla mama yangu hajazaliwa.

Kilichochelewa ni nini? Nimesoma sana kuhusu hili, usiku, mtoto akiwa amelala, na nimefikia maoni yangu.

Marekani wana sheria ya mwaka 1983 ya kuwahimiza watengenezaji wa dawa za magonjwa adimu. Kwa kipimo chao, ugonjwa ni adimu ukiwa na wagonjwa chini ya 200,000 nchini mwao. Selimundu ina wagonjwa takriban 100,000 huko, kwa hiyo imo kwenye orodha. Adimu! Ilhali kila mwaka duniani huzaliwa watoto zaidi ya 300,000 wenye ugonjwa huu, na walio wengi huzaliwa Afrika, kusini mwa Sahara. Katika darasa langu la wanafunzi hamsini na kitu nimewahi kuwa na wawili kwa mwaka mmoja. Jirani yangu wa Nyalenda ana mmoja. Fundi wa nguo zangu alizika mmoja. Ugonjwa unaitwa adimu kulingana na mahali alipokaa anayehesabu, na fedha za utafiti hufuata macho yake.

Jambo la pili ni umri wa dawa. Dawa mpya ina mwenyewe, na mwenyewe atagharamia majaribio kwa sababu anajua atazirudisha pesa zake. Dawa ya zamani inatengenezwa na yeyote. Ni rahisi, na kwa sababu ni rahisi hakuna mfanyabiashara anayepata faida kwa kuthibitisha kwamba inafaa kazi nyingine. Ndiyo maana utafiti ule wa 1995 ulilipiwa na fedha za umma. Wakati mwingine nawaza ni mangapi yamelala kwenye rafu. Dawa nyingine, nitisinoni, ilitokana na utafiti wa dawa za kuua magugu shambani. Leo kuna watoto wenye ugonjwa adimu wa kurithi, tairosinemia aina ya kwanza, wanaoishi kwa sababu mtu alitambua kwamba kilichoathiri magugu kingeweza kuokoa ini la mtoto. Mtu alilazimika kwanza kuuliza.

Sababu ya tatu ni hofu, na hii naiheshimu. Haidroksiyurea hushusha seli nyeupe, askari wa mwili. Ukiwa Baltimore, pasipo malaria, na maabara ipo ng'ambo ya barabara, hilo linasimamiwa. Lakini uchukue mtoto wa Kano, mbu wakiimba kuanzia saa kumi na mbili jioni, umpunguzie askari? Madaktari wa Afrika walihofia kwamba dawa itapunguza maumivu na kuongeza makaburi. Hofu hiyo haikuwa ya kijinga. Ilichostahili ni kupimwa haraka, na hapo ndipo miaka ilipopotea.

Ilipimwa hatimaye. Kampala walilinganisha dawa na kidonge kisicho na kitu kwa watoto wadogo, na mwaka 2017 wakaripoti kwamba malaria haikuongezeka. Kabla ya hapo, mwaka 2014, utafiti mkubwa zaidi ulikuwa umeanza katika vituo vinne: Luanda, Kinshasa, Kilifi, na Mbale. Mbale! Ukipanda gari Bungoma asubuhi, ukavuka Malaba, unakula chakula cha mchana Mbale. Watoto wa mwaka 1 hadi 10, zaidi ya 600, walitumia dawa, na hali ya kila mmoja ikalinganishwa na ilivyokuwa kabla hajaanza. Matokeo, Léon Tshilolo wa Kinshasa akiwa mwandishi wa kwanza, yalitoka Desemba 2018. Kwa kila watoto mia kwa mwaka, vipindi vya maumivu vilishuka kutoka 98.3 hadi 44.6. Kuongezewa damu kutoka mara 43.3 hadi 14.2. Vifo kutoka 3.6 hadi 1.1. Na malaria, ile iliyoogopwa, ilishuka kutoka 46.9 hadi 22.9.

Ilishuka. Nilipolisoma hilo nilienda kumwamsha baba watoto.

*

Yeye hakufurahi. Miezi michache baadaye daktari alipoandika dawa, nilikwenda duka moja karibu na Oile, na kijana wa kaunta alisoma karatasi, akapunguza sauti: "Pole sana, mama. Nani nyumbani ana saratani?" Nilimweleza. Aliniangalia kama mtu aliyedanganywa na daktari wake. Kapsuli moja ilikaribia bei ya mkate, na wakati ule mkate wenyewe tulikuwa tunaupangia.

Jioni mume wangu alifungua ile karatasi nyembamba iliyokunjwa ndani ya boksi akaisoma yote, mstari kwa mstari, chini ya taa. Kisha akaniuliza taratibu, "Unataka nimpe mwanangu sumu ya saratani?" Mama yake, ambaye mtoto humwita Dani, alikuwa ametutembelea. Alimkumbatia mtoto akasema, "Nyakwara, mjukuu wangu, hatakufa kwa dawa ya watu wengine." Usiku ule sikuwa na jibu. Boksi lilikaa juu ya kabati wiki mbili bila kuguswa.

Tulirudi kliniki sote wanne. Daktari hakutucheka, na ninamshukuru kwa hilo hadi leo. Alimwambia Dani, kwa Kijaluo, kwamba dawa haijui jina la ugonjwa. Inajua seli tu. Akasema kipimo anachokiandika hakikusudiwi kuua kitu, ni cha kuuamsha uboho, na kila mara atapima damu ili aone kama askari hawajapungua mno. Wakipungua, tunasimama, wanarudi, tunaanza tena. Dani aliuliza swali moja: "Wewe mwanao ungempa?" Daktari alisema ndiyo. Hapo Dani akamgeukia mwanawe, akamwambia, "Basi, baba, mpe mtoto dawa."

Mtoto alijifunza kumeza kapsuli kwa kijiko cha uji wa wimbi. Ilichukua siku nne na machozi mengi.

Mwaka 2020 nilishika mimba ya pili, na daktari akanionya nisiziguse kapsuli hizo kabisa, kwa kuwa zinaweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Kwa hiyo mume wangu, yule yule, alichukua kazi. Aliweka chupa juu, akanawa mikono kabla na baada, akatia alama kwenye kalenda kila asubuhi kabla ya kwenda kazini. Hajawahi kuniachia tena kazi hiyo. Binti yetu alipozaliwa tulimpima mapema: mbebaji, kama sisi.

Siandiki haya kuuza dawa. Inadai mengi. Inadai mizani, kwa sababu mtoto anakua na hesabu inabadilika. Inadai hemogramu, kipimo cha kuhesabu seli za damu, na hemogramu inadai mashine, na mashine inadai vitendanishi, kemikali zake. Kuna hospitali moja tuliyokuwa tukienda ambayo mashine yake ilikaa wiki sita bila kufanya kazi. Bila kipimo hakuna aliyethubutu kuandika dawa, na sikuwa na pesa za maabara ya mtu binafsi mwezi ule. Wiki ya tano mtoto alianza kushika goti. Wiki ya sita tulikuwa wodini, dripu mkononi, anasaga meno. Dawa ilikuwa mjini. Mgonjwa alikuwa mjini. Kilichokosekana ni chupa ya kemikali ya kuoshea mashine. Bado nina hasira, na sioni kwa nini niipoze.

Wala haimalizi ugonjwa. Julai, asubuhi zikiwa na ubaridi, huwa namvalisha soksi mbili na ninaogopa. Maji anabeba chupa mbili shuleni, na nimemwandikia mwalimu wake barua aruhusiwe kutoka kwenda haja wakati wowote. Chandarua, foliki asidi, kinga ya malaria, vyote vipo pale pale. Lakini mwaka 2018 alilazwa mara tano. Mwaka wote wa 2021 alilazwa mara moja. Hapo katikati kuna mtoto anayejua majedwali yote ya kuzidisha kwa sababu amekaa darasani, na anayecheza kipa kwa sababu kipa hakimbii sana.

Desemba 2023 Marekani iliidhinisha tiba ya kuhariri jeni ambayo nayo hufungua akiba ile ile ya hemoglobini ya tumboni, safari hii kwa kudumu. Bei yake ilitangazwa kuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa. Niliisoma habari hiyo nikiwa kwenye matatu ya Kondele. Nikawafurahia wenye kuipata, kwa dhati, kisha nikapiga simu kuuliza kama kapsuli zimefika.

*

Krismasi iliyopita tulikuwa nyumbani Kano. Mama alimwita mwanangu akamsimamisha mlangoni, akapima urefu wake kwa kiganja, kisha akaniomba nimtolee ule mkebe wa biskuti chini ya kitanda. Sikuwa nimeuona ukifunguliwa tangu mazishi. Ndani mlikuwa na risiti, picha moja ya shule, na kadi ya kliniki ya rangi ya waridi iliyolegea kwenye mikunjo. Mama hakusema kitu. Alinipa kadi tu, akatoka kwenda kuangalia moto.

Maandishi ya mwisho ni ya Februari 1996. Joto la mwili. Damu, 6. Vidonge vya maumivu. Na kwenye kona, kwa wino uliofifia, uzito: kilo 19.

Kalamu ilikuwa mkobani. Niliandika nyuma ya risiti ya duka. Kumi na tisa mara ishirini, 380. Mara saba, 2,660. Gawanya kwa 500. Kapsuli tano kwa wiki, Jumatano na Jumapili apumzike.